Shoti Haiuzwi Dukani

Siku hizi hitilafu inauzwa. Ingia mtandaoni, lipa kwa kadi, pakua programu, na ndani ya dakika tano kompyuta yako itakoroma, itakwama na kulia kama kinanda cha mtoto kilichomwagiwa chai. Yapo na mafaili ya sauti yaliyo tayari, mamia kwa mamia, yaliyorekodiwa kutoka kwenye vinanda vya zamani vya Casio, yamepangwa kwa kasi na kwa noti ili yasimsumbue mnunuzi. Ukitaka kitu cha kushika mkononi, yupo wa kukuuzia kinanda kilichokwisha kupindwa saketi, kimepakwa rangi, kimetobolewa na kuwekewa swichi kumi na mbili, kila swichi na kibandiko chake kinachokuambia itafanya nini.

Mimi nasema huo ni utapeli. Wa kistaarabu, wenye risiti, lakini utapeli.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo mafupi. Unachukua kinanda cha umeme cha zamani, kile cha plastiki kinachotumia betri, ambacho mjomba alikileta na watoto wakakichoka. Unafungua skrubu za nyuma. Unakiwasha kikiwa wazi vilevile na kukiacha kipige mdundo wake wa rumba. Halafu unachukua kipande cha waya, ncha moja unaigusisha mahali kwenye bodi, nyingine unaitembeza taratibu, hapa, pale, pale tena. Mafundi wetu wana jina la kitendo hicho: kupiga shoti. Ila hii ni shoti ya makusudi. Sehemu nyingi hakitokei kitu. Nyingine kinanda kinazima ghafla. Halafu, ukiwa umeshaanza kuchoka, rumba inakatika, inageuka mngurumo, ngoma zinalia kama mabati kwenye upepo. Unaweka alama kwa kalamu. Baadaye unachomelea waya na swichi mahali pale ili uweze kuiita ile sauti tena. Kikikwama, unachomoa betri na kuanza upya. (Na ni betri tu, jamani. Anayefanya haya kwenye kifaa kilichochomekwa ukutani anawatafutia nduguze msiba.)

Mtu anayetajwa sana katika habari hizi ni Reed Ghazala wa Cincinnati, Marekani. Mwaka 1966 au 1967, akiwa kijana wa shule, aliacha kikuza sauti kidogo cha betri, kikiwa wazi mgongoni, ndani ya droo ya meza. Bodi ikagusana na chuma, ikapiga shoti, na droo ikaanza kutoa sauti ambazo hakuna aliyezibuni. Wengi wetu tungechomoa betri na kulaani. Yeye akajiuliza: kama hili limetokea kwa bahati, itakuwaje nikilifanya kwa kukusudia? Jina la sanaa hiyo alilitoa mwaka 1992, alipokuwa akiandika katika jarida la Experimental Musical Instruments, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu, Circuit-Bending: Build Your Own Alien Instruments.

Angalieni kilichotokea pale kwenye droo. Ile sauti haikuwa ya maana yoyote kwa yeyote isipokuwa kwa huyo kijana aliyekuwa chumbani, aliyejua kwamba kile kifaa hakikutengenezwa kusema vile. Hapo ndipo palipo na kitu kizima. Kupinda saketi ni kufungua kitu ulichouziwa kikiwa kimefungwa, kukisikiliza, na kukubali kwamba huenda ukakiua. Sauti ni matokeo. Ukiichukua sauti peke yake ukaiweka kwenye programu, umeuza moshi ukamwambia mteja ni nyama choma.

Najua kuna wasomaji hapa watakaosema, bwana, hizo zote ni kelele, za kununua na za kujitengenezea. Hawa ni wazee wangu wa siku nyingi, tumegombana nao sana kwenye ushairi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, waliohesabu vina na mizani walisema haya si mashairi. Huko Marekani nako, Louis na Bebe Barron walipotengeneza sauti za filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956, kwa kuunda saketi na kuzizidishia umeme mpaka zikafa, kazi yao haikuandikwa kwenye filamu kuwa ni muziki. Iliandikwa ni "toni za kielektroniki", kwa sababu chama cha wanamuziki kingeleta matata. Kwa hiyo kelele za kelele tumezizoea.

Ila niwape wazee haki yao mahali pamoja. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumba aliyokuwa anaivunja aliijua mlango kwa mlango. Waliofuata baadaye, wengi wao, walichukua tu sura ya ukurasa: mistari mifupi, neno moja likining'inia peke yake kama nguo kwenye kamba. Hawakufungua chochote. Walinunua kinanda chenye swichi kumi na mbili. Na rekodi nyingi za vinanda vilivyopindwa, niseme kweli, zinachosha kwa sababu hiyo hiyo: unasikia mtu anabonyeza swichi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, anakuonyesha alichonacho.

Hebu sasa tuingie ndani ya kifaa kimoja, maana bila hivyo tutabaki na maneno matupu. Casio SK-1 kilitoka katikati ya miaka ya 1980. Ni kidogo, vitufe 32 vyembamba, kina kipaza sauti chake mwenyewe juu ya boksi. Unasema neno, kinalinasa kwa sekunde moja na nukta nne hivi, halafu unalipiga kama wimbo. Wakati mashine za studio za kunasa sauti ziliuzwa kwa bei ya gari au nyumba, hiki kilikuwa kinapewa watoto sikukuu. Sauti inageuzwa kuwa namba, zaidi ya 9,000 kwa kila sekunde, na kila namba ina tarakimu nane za ndiyo-au-hapana. Uzuri wake ni kwamba chipu ya kumbukumbu imekaa peke yake, mbali na chipu kuu, na namba hizo zinasafiri baina yao kwenye njia za shaba unazoziona kwa macho yako. Ziko wazi. Unaweza kuzishika.

Gusanisha njia mbili, na tarakimu zinaanza kudanganyana. Ukigusa njia inayobeba tarakimu ndogo, unapata mchakacho kidogo tu, kama mchanga kwenye chai. Ukigusa ile inayobeba tarakimu kubwa, neno lako linapasuka katikati. Ukigusa njia za anwani, zile zinazosema namba itolewe wapi, hapo neno halichafuki, linapotea njia: linaanza na silabi ya mwisho, linarudi nyuma, linajikanyaga lenyewe. Anayefanya haya kwa wiki mbili, hata kama hajasoma umeme hata siku moja, anaanza kujua kwa sikio ipi ni njia ya data na ipi ni ya anwani. Anakisoma kinanda. Programu ya dukani inakupa kitufe kimoja kilichoandikwa "chafua", ukizungushe kutoka sifuri hadi mia.

Wapenda fasihi ningewapeleka zaidi kwa Speak & Spell ya Texas Instruments, ya mwaka 1978, ingawa hiyo si kinanda cha muziki. Ni chombo cha kumfundisha mtoto wa Kimarekani tahajia. Kinamtajia neno, anabonyeza herufi, kinamwambia umepata au umekosa. Ndani hakina kanda wala santuri. Kina chipu inayotengeneza sauti ya mwanamume kwa hesabu, kama vile mtu amepima koo na mdomo akaviandika kwa namba. Ghazala alikipinda akakiita Incantor. Chipu ikitumwa kwenye anwani isiyo sahihi, inaokota vipande vya maneno kuanzia katikati na kuvisoma kwa utiifu ule ule, na koo lile lile, na lafudhi ile ile. Mwalimu wa tahajia anaropoka. Anasema silabi ambazo si za lugha yoyote, lakini kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kabisa. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba mamlaka ya sauti ni kitu kimoja na maana ya maneno ni kitu kingine, na nimekaa kwenye mikutano mingi ya waandishi wa habari.

Wapo wanaolalamika kwamba vifaa hivi vinaisha, kwamba kila SK-1 inayokufa mezani kwa mpindaji haitazaliwa tena. Ni kweli. Lakini ile inayokaa kwenye kabati la kioo ikisubiri bei ipande imekufa vilevile, ila kwa usafi.

Kuna sifa nyingine tunayopewa ambayo pia siitaki. Eti Afrika imepinda saketi siku zote, eti kila fundi redio wa Kariakoo ni msanii wa majaribio bila kujua. Hapana. Fundi wa Kariakoo anafungua redio ili taarifa ya habari irudi. Ukimpelekea kinanda naye akakurudishia kinaropoka, mtagombana, na utakuwa na haki. Mfano unaopendwa ni Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la marehemu Mingiedi Mawangu, lililopiga likembe kwa umeme kupitia vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vyuma vya magari. Albamu yao Congotronics ilipotolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji, wahakiki wa Ulaya walishangilia ule mkwaruzo, wakaulinganisha na muziki wao wa majaribio. Mawangu alikuwa na tatizo la kawaida kabisa: likembe ni chombo cha sauti ndogo, na Kinshasa ni jiji lenye makelele. Alitaka kusikika. Mkwaruzo ulikuja na vifaa, wakaukubali, wakaujengea muziki mkubwa. Hiyo ni kazi ya uhandisi na ya uvumilivu. Ukiiita "hitilafu nzuri" unamnyang'anya mtu kusudi lake. Tena ni yale yale ya programu ya dukani: sikio limependa mkwaruzo, halikuuliza nani alifungua nini na kwa nini.

Panapotuhusu sisi moja kwa moja ni pengine. Neno lenyewe kinanda limepindwa mara ngapi? Pwani lilikuwa la chombo cha nyuzi, likahamia kwenye ogani, likaitwa hata gramafoni, leo ukisema mpiga kinanda kwenye taarab ya kisasa kila mtu anaona Yamaha juu ya stendi. Kinanda hicho kilipoingia kilikuja na noti zake kumi na mbili zilizopimwa sawasawa, wakati udi, fidla na kanuni ziliweza kukaa katikati ya noti. Sasa, katika vinanda vingi vya zamani vya bei rahisi, ipo resista moja inayopanga mwendo wa saa ya ndani. Ing'oe, weka ya kuzungusha kama kitasa cha sauti cha redio, na kinanda kizima kitateleza kwenda sehemu ambazo kiwandani hawakuzikusudia. Hakitakurudishia maqam, nisiwadanganye, maana noti zote zinateleza pamoja. Lakini mtu aliyefanya hivyo mara moja amejua kwamba zile kumi na mbili ziliamuliwa na mtu, kwa kifaa cha bei ya pipi, na hataongea tena kuhusu "noti sahihi" kama zilishuka mbinguni.

Maarifa hayo ndiyo yanayofungiwa mlango. Fungua kinanda cha leo cha bei nafuu. Boksi ni kubwa, bodi ni ndogo kama kadi ya benki, na katikati yake limekaa tone jeusi la gundi ngumu. Chini ya tone ndiko iliko chipu yenyewe, kumbukumbu, sauti, midundo, kila kitu. Hakuna njia za shaba za kugusanisha, huna pa kushika. Hakuna aliyefanya hivyo kwa chuki dhidi ya wapindaji, ni rahisi tu kutengeneza namna hiyo. Lakini mtoto anayekuzwa na kifaa hicho atajifunza kwamba ndani ya vitu hamna kitu, halafu akifika miaka ishirini atauziwa programu inayoiga hitilafu za vifaa ambavyo vilikuwa na ndani. Analipia mara mbili.

Vile vya zamani bado vinapatikana, kwenye mabanda ya mitumba ya elektroniki, kwenye stoo za makanisa, juu ya makabati. Vingi vimeliwa na ute wa betri, lakini ukikwangua kutu kwa siki na mswaki mara nyingi vinaamka. Bei yake sokoni ni ndogo kuliko ya hiyo programu. Nenda na betri mpya mfukoni ukijaribu pale pale, na usimwambie muuzaji unakwenda kukifanya nini.