Dirisha, fremu, kiunzi: tuache kuyachanganya

Leo nataka niseme kidogo kuhusu maneno matatu ambayo sisi watengenezaji wa programu tunayatumia ovyo: dirisha, fremu na kiunzi. Utasema hayo ni mambo madogo. Soma kwanza.

Dirisha asili yake ni Uajemi, daricha, yaani mlango mdogo. Neno likatia nanga pwani, kisha likapanda bara. Hata Wakikuyu jirani zetu wana ndirica. Kiswahili chenyewe kilishalitoa ukutani zamani. Hospitalini unaambiwa nenda dirisha la dawa. Kwenye mpira Tanzania kuna dirisha la usajili, na katikati ya msimu dirisha dogo. Kwa hiyo dirisha la kompyuta halikuwa geni kwetu. Windows, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1985, ni jina la bidhaa ya Microsoft na lisitafsiriwe. Lakini kile kipande cha skrini ni dirisha, uwe unatumia Linux au Mac. Anayeita kila kompyuta Windows ni kama yule anayeita kila dawa ya meno Colgate.

Tatizo liko kwenye kitenzi. Hapa Kiirua, baridi ya Mlima Kenya ikishuka jioni, kila nyumba hufunga madirisha. Asubuhi unafungua, kila kitu kipo pale pale ulipokiacha. Sasa mwambie mtu aliyekulia hivyo, aliyeshinda kutwa akiingiza kilo za viazi za wakulima kwenye kompyuta, "funga dirisha". Atalifunga bila wasiwasi. Programu nyingi zitamwuliza kama anataka kuhifadhi. Nyingine, hasa fomu za mtandaoni, hazimwulizi, na kazi ya siku nzima imekwenda. Kosa si lake, ni la aliyechagua neno. Mimi naona alama ya kushusha dirisha chini tuiite "kunja", kwani kilichokunjwa hukunjuliwa. Ile ya X tuiite "ondoa". Hapo kila mtu ataelewa kwamba kuna kitu kinakwenda.

Tuje kwenye fremu. Kwa seremala ni fremu ya mlango, kwa daktari wa macho ni ya miwani. Dar es Salaam ukisema unatafuta fremu, utapelekwa kuona chumba cha duka cha kupanga. Kwenye filamu, fremu ni picha moja kati ya zile 24 zinazopita kila sekunde. Kwenye wavuti, fremu zilikuwa njia ya kuugawa ukurasa vipande vipande. Netscape walizileta miaka ya 1990, na HTML5 ya mwaka 2014 ikazitupa, ikabakisha iframe tu.

Neno hilo limeshabeba mzigo wa kutosha. Halafu bado wako wanaotaka liwe pia jina la vitu kama Django na Laravel, yaani umbo la programu lililoandaliwa tayari ili wewe umalizie ya kwako. Hapana jamani. Hicho ni kiunzi. Neno linatokana na kuunda, na ndivyo chombo cha baharini kinavyoundwa: mbao za kushikilia umbo husimama, kisha zile za ubavu zinafuata. Najua Mkenya akisikia viunzi anawaza mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Si neno. Aliyewahi kujifunza Django anajua kuna kuruka, na maji pia yapo.

Ombi langu ni kwa mnaotafsiri menyu. Kabla hamjaipeleka kazi, mtafuteni mtu asiyejua Kiingereza, mumsomee neno, mumwulize: ukibonyeza hapa, unatarajia nini kitatokea? Jibu lake likiwa tofauti na kinachotokea, badilisheni neno, msimlaumu yeye.