Yule kobe tulimuua kwa upendo

Mnakumbuka ile video yangu ya kobe ndani ya beseni? Mliicheka, mkaisambaza, nami nikajiona nimefika. Leo wacha niwaambie venye hiyo stori iliisha.

Dereva mmoja wa trela alisimama hapa Alupe akielekea Malaba, akawapa watoto wa ploti yetu kobe. Alisema amemwokota barabarani huko Tsavo. Gamba la manjano, madoa meusi kama chui. Watoto walimpenda saa hiyo hiyo. Wakampa jina, wakajaza beseni maji pomoni, wakamtia. Mimi nimeshika simu, narekodi.

Asubuhi alikuwa amekufa. Kobe wa nchi kavu si muogeleaji. Akikosa pa kukanyaga, atahangaika mpaka achoke, halafu azame.

Mpwa wangu wa PP2 akaniuliza, "Anti, si kobe huishi kwa maji?" Kwa chati yake ya kuhesabu, kobe amechorwa kando ya samaki. Huyo ni kasa, wa baharini. Hakuna mtu alimwambia tofauti, hata mimi.

Sasa maoni yangu ni haya: tunawafundisha watoto majina ya wanyama na tunasahau kuwafundisha kwao ni wapi. Mtoto anajua kobe alimshinda sungura mbio, lakini hajui kobe anakula nini.

Na kuna mengi matamu ya kumwambia. Kule miamba ya Kitui kuna kobe bapa kama chapati. Akiogopa hajifichi ndani ya gamba, anakimbilia ufa wa jiwe na kujibana humo. Hutaga yai moja kwa wakati. Watu wamemwinda sana wakamuuze ng'ambo kama kipenzi cha nyumbani, mpaka mwaka wa 2019 biashara ya kimataifa ya kobe hao wa porini ikapigwa marufuku. Na kule jangwa la Mojave, Marekani, kobe huweka akiba ya maji kwenye kibofu. Ukimbeba ovyo anaweza kukojoa yote kwa woga, akafa kiu baadaye. Mtoto akisikia hiyo, kwani atamgusa tena?

Wengine mtasema mtoto wa miaka mitano haelewi mambo ya makazi. Jamani, huyu ni mtoto wa mpakani! Kila siku anaona watu wakivuka kwenda Uganda na kurudi kwao jioni. Neno "kwao" analielewa kuliko mimi na wewe. Muulize tu maswali matatu: huyu kwao ni wapi? Anakula nini? Akiogopa anakimbilia wapi? CBC tayari ina somo la mazingira tangu madarasa ya chini. Maswali hayo hayahitaji bajeti.

Na sisi wakubwa tujue sheria. Tangu Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Ukiletewa kobe, piga simu KWS. Mimi sikupiga. Nilikuwa natafuta watazamaji.

Ile video nimeifuta. Mpwa wangu naye amechora kobe mwingine: amesimama kwa mchanga, kando ya kichaka, na hakuna tone la maji. Hiyo ndiyo ningetaka muisambaze.