Kadi mpya, kazi polepole: usiilaumu kadi kabla ya kupima

Leo nina neno na wale wanaonunua kadi za grafiki kwa kusoma namba iliyoandikwa kwenye boksi, na neno lingine na wale wanaowauzia.

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane wakati. Kadi ya grafiki ndiyo sehemu ya kompyuta inayonunuliwa kwa matumaini mengi na maarifa machache. Mashine ikikokota, mtu anaambiwa "weka kadi". Anaiweka. Ikizidi kukokota, anaambiwa kadi ni feki, au draiva ni mbovu, au umeme wa huku ndio mbaya. Kila mtu ana jibu na hakuna aliyepima kitu. Kwa mtu wa Nairobi huu ni usumbufu tu, atapanda matatu na kurudisha mzigo dukani kabla ya adhuhuri. Kwetu Tarbaj kadi imepakiwa kwenye basi Nairobi, imepita Garissa, Modogashe na Habaswein hadi Wajir, kisha ikasubiri gari la kuileta huku. Kuirudisha ni safari hiyo hiyo kinyume, nauli ni yako, na muuzaji ameshaacha kupokea simu.

Kazi yangu mimi ni kuandika programu, lakini mji mdogo hautofautishi mwandishi wa programu na fundi. Ukishakuwa na digrii ya sayansi ya kompyuta, hata printa iliyogoma kuchapa ni yako. Digrii yenyewe haikunifundisha kushika bisibisi. Ilinifundisha kupima kabla ya kugusa, na hapo ndipo inaponisaidia.

Kisa kilichonisukuma kuandika ni cha kijana mmoja wa hapa anayepiga na kuhariri video za harusi. Mashine yake ni ya mtumba, zile za ofisi za Ulaya, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita. Alinunua kadi kwa shilingi 18,000, pesa alizoweka akiba harusi baada ya harusi. Kabla ya kadi, video ya dakika 40 ilimchukua kama dakika 25 kuitoa iwe faili moja ya kumpa mteja. Baada ya kadi, ilichukua zaidi ya saa nzima. "Walaal, nimeuziwa takataka," aliniambia. Alikuwa ameshapata mtu wa kuinunua kwa shilingi 7,000, na huku familia ya bwana harusi inamdai video yao.

Nilimwomba jambo moja: aanze kutoa ile video, halafu afungue Task Manager na tuangalie tu. Windows 10 ina picha ya matumizi ya kadi ya grafiki humo ndani tangu toleo la mwishoni mwa 2017. Hailipiwi wala haihitaji bando. Tukaona prosesa iko asilimia 100. Kadi mpya ilikuwa imelala, inapumua asilimia chache. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho ni rahisi kukipita: kwenye orodha kulikuwa na kadi moja tu. Grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa haikuwepo kabisa.

Hapo ndipo penye jibu lote, kwa hiyo nivumilieni nieleze taratibu. Kutoa video ni kazi ya kubana. Picha maelfu kwa maelfu zinakunjwa ziwe faili ndogo inayoingia kwenye simu. Prosesa inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe, kwa jasho. Lakini tangu 2011 Intel wamekuwa wakiweka ndani ya prosesa zao nyingi kipande maalumu cha kubana video, wanakiita Quick Sync, nacho kinaimaliza kazi hiyo haraka bila kelele. Kipande hicho ni sehemu ya ile grafiki ya ndani. Kijana alikuwa akikitumia miaka yote bila kujua kipo. Sasa, mashine nyingi za ofisi zimewekwa hivi: ukichomeka kadi ya nje, zinazima grafiki ya ndani, kwa hesabu kwamba huihitaji tena. Quick Sync ikazimwa pamoja nayo. Na kadi mpya haikuwa na kipande cha kubana video hata kimoja. Kazi yote ikaangukia prosesa.

Kadi haikuwa mbovu wala feki. Kazi aliyonunuliwa kuifanya ndiyo haimo ndani yake.

Dawa yake ilikuwa kuingia BIOS na kuwasha kipengele kinachoruhusu grafiki zote mbili zifanye kazi pamoja. Kwenye mashine nyingi za ofisi kimefichwa kwenye ukurasa wa video au wa skrini. Tukawasha, Windows ikaiona grafiki ya Intel, tukaiagiza programu ya kuhariri ibane kwa kutumia Intel. Dakika 23. Harusi ikatoka jioni ile.

Mtaniuliza: kadi gani hiyo ya siku hizi isiyoweza kubana video? Sitaitaja ya kijana, lakini zipo za kampuni zote mbili kubwa na sifa zake si siri. GT 1030 ya NVIDIA, iliyotoka 2017, haina kipande hicho. RX 6400 ya AMD, iliyotoka 2022, haina pia. Na hizi ndizo kadi zinazopendekezwa sana kwa mashine za ofisi, kwa sababu ni ndogo na hazitaki waya wa ziada wa umeme. Yaani kadi inayoingia kwa urahisi kwenye mashine ya maskini ndiyo iliyopunguziwa vitu. Sisemi ni dhambi. Kitu cha bei nafuu lazima kikatwe mahali. Ninachosema ni kwamba pale kilipokatwa pasifichwe.

Halafu kuna mambo ya majina. Mwaka 2018 NVIDIA walitoa GT 1030 nyingine, jina lile lile, ila wakaiwekea kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5. Kumbukumbu ya kwanza ilipitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Boksi zote mbili zinasema GT 1030, gigabaiti 2. Mnunuzi anayeuliza "ina GB ngapi?" atajibiwa ukweli mtupu na bado atapigwa. Gigabaiti za kadi ni ukubwa wa ghala, hazikuambii mlango wa ghala una upana gani wala ndani kuna wapagazi wangapi. RX 6400 nayo ina njia nne tu za kuwasiliana na ubao mama, na ilitengenezwa kwa PCIe 4.0. Ukiichomeka kwenye ubao wa PCIe 3.0, kama hizi mashine zetu za mtumba, upana wa njia unakuwa nusu. Kumbukumbu yake ikijaa na kuanza kuchota vitu kutoka RAM ya mashine, utajua.

Kwa hiyo nawalaumu wauzaji, ndiyo. Muuza dawa mwenye heshima hukuuliza unaumwa wapi. Muuza kadi anakuuliza una shilingi ngapi. Angeuliza tu "mashine yako ni modeli gani, na unataka kufanyia nini?", kijana yule angeambiwa kwamba kwa kazi yake pesa ile ingefaa zaidi kwenye RAM na diski ya SSD. Najua utetezi wao: faida ni ndogo, foleni ni ndefu, na mteja mwenyewe amekuja akisema "nipe ya 4GB" kana kwamba anapima sukari. Utetezi huo una ukweli nusu. Swali moja halimalizi foleni.

Sasa joto, maana hapa ni Kaunti ya Wajir na si Limuru. Feni ya kompyuta haitengenezi ubaridi. Inasukuma hewa ya chumbani juu ya chuma cha moto, basi, na haiwezi kukipoza chuma kuliko hewa yenyewe ilivyo. Chumba chenye paa la mabati kikifika nyuzi 38 saa nane mchana, prosesa na kadi zinaanzia juu hapo kabla hata hujafungua programu. Zikifikia kikomo zilichowekewa, zinapunguza kasi zenyewe ili zisiungue. GTX 1080 ya 2016, kwa mfano, iliwekewa kikomo cha nyuzi 83. Kipimo chake hakigharimu kitu: fanya kazi ile ile saa nane mchana, kisha uirudie saa nne usiku. Muda ukipungua sana usiku, shida yako ni joto na vumbi. Fungua boksi, toa vumbi kwa brashi laini, na usiilaze mashine kwenye mkeka ikiziba matundu yake.

Umeme nao unasingiziwa sana. Jenereta au sola ikiyumba, mara nyingi kompyuta huzimika au kujiwasha upya. Inaweza hata kuungua. Lakini si kawaida yake kufanya kazi polepole kwa adabu. La kuangalia zaidi ni wati za pawa saplai: tundu la PCIe linatoa wati 75 na si zaidi, kadi kubwa inataka waya wa pembeni, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo.

Kuna na yale madogo ambayo watu wanaona haya kuyauliza. Kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi, au bado iko kwenye tundu la zamani la ubao mama? Device Manager ikikuonyesha "Microsoft Basic Display Adapter", huna draiva bado, na hapo kila kitu kitakokota. Draiva ni mamia ya megabaiti, basi ipakue ukiwa Wajir kama bando lako ni la kuhesabu. Na ukishuku kadi ni feki, pakua GPU-Z, ni programu ndogo ya bure, na tangu 2018 inazitambua kadi nyingi za kale zilizobadilishwa jina zikajiita mpya.

Kijana hakuiuza kadi. Inamsaidia kidogo anapochanganya rangi na maandishi juu ya picha, na anasema skrini ya pili imemfaa kuliko alivyotarajia. Sasa jirani yake mwenye kibanda cha michezo ya mpira naye anataka kuagiza ya kwake, kubwa zaidi, na pesa ameshazihesabu. Nimemwambia alete mashine kwanza Jumamosi, tuifungue tuone pawa saplai ina waya gani.