TRELA MPYA, MZIGO KAMILI, MALIPO YA TUPU



Kuna mchezo unaochezwa katika barabara ya Mombasa mpaka Malaba, nasi tumenyamaza kiasi cha kutosha. Trela mpya inatoka kwa waundaji wake, au inashushwa Kilindini, nayo imekwisha nunuliwa na mtu wa Eldoret au Kampala. Mnunuzi amelipa gharama ya kufikishiwa mali yake. Mchukuzi anamwandika dereva kazi ya "kupeleka trela", kwa malipo ya trela tupu. Halafu jioni, kabla ya kuondoka, dereva anaambiwa apitie ghala fulani. Huko anapakiwa saruji, au ngano, au mabati. Mchukuzi amelipwa mara mbili kwa safari moja. Dereva na taniboi wanalipwa mara moja, tena kwa kile kiwango cha chini.

Ukimwuliza tajiri, atakujibu kwamba gari kwenda tupu ni hasara ya mafuta. Ni kweli. Sisi hatukatai trela mpya ibebe mzigo, ikiwa mwenyewe amekubali na hati zimeandikwa. Tunalokataa ni mzigo kamili kuitwa "tupu" siku ya malipo.

Na hao wanaokaa ofisini hawajui trela mpya ni kitu gani. Nati za magurudumu mapya hulegea katika mwendo wa kwanza, na lazima zikazwe tena njiani. Breki bado hazijashika sawa. Dereva mwenye busara huzijua breki za trela kidogo kidogo, kwanza ikiwa nyepesi. Huyu wetu anazijua kwenye mteremko, usiku, na mzigo unamsukuma mgongoni. Mimi mwenyewe nilisimama hapo gurudumu likitoa moshi, taniboi anatafuta mawe gizani ya kuzuia tairi. Spana ya kufaa nati zile hatukupewa. Nilipopiga simu niliulizwa kama mzigo u salama. Juu yetu sisi hakuna aliyeuliza.

Tulipofika, mwenye trela aliona sakafu imekwaruzwa na saruji imemwagika, akakasirika, na haki yake kukasirika. Lakini aliyekatwa pesa ni mimi! Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa ambalo mfanya kazi amelifanya kwa kusudi. Mimi nilikosa nini kwa kusudi? Niliamriwa nipakie, nikapakia.

Tena kuna mizani. Mizani ya Mariakani haiulizi kama trela ni mpya ama kuukuu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013, ekseli tatu za pamoja zisizidi tani 24. Mzigo wa kujificha hupakiwa haraka haraka bila kupimwa, na anayeshikwa kwanza ni yule aliye kwenye usukani. Sheria ya barabara nayo imeweka mwisho wa saa 8 za kuendesha katika saa 24, lakini siku ya kufikisha trela haisogezwi, hata kama nusu ya usiku imepotea ghalani.

Wako wenzetu wanaopokea noti mbili za chai wakanyamaza. Noti hizo ndizo zinazotuuza sote, kwa maana tajiri hutuonyesha: mbona fulani hakulalamika?

Mwanachama akiambiwa apitie ghala, aombe hati ya mzigo yenye uzito wake, na malipo ya safari ya mzigo yaandikwe kabla injini haijawashwa. Asipopewa, aliegeshe gari na kukiarifu chama mara moja, asibishane peke yake. Wale waliokatwa pesa kwa ajili ya trela mpya walete karatasi zao za malipo ofisini Jumamosi asubuhi. Katibu atakuwapo mpaka saa saba. Mataniboi pia waje.