BULUGAMU ZETU NA CHEMCHEMI ZA NYAMBENE



Mara nyingi ukurasa huu huwa wa mishahara, nyumba za wafanyakazi na zamu za usiku. Leo tunaomba ruhusa yenu tuseme juu ya maji, hasa maji ya kwetu Kangeta na vilima vya Nyambene. Twajua wako watakaoguna. Mwenzetu mmoja wa karakana aliposikia tunaandika habari hii alituambia ya kwamba chama ni cha mishahara, si cha miti. Neno lake si la kipuuzi, na tutalijibu.

Kwanza tukumbuke ya kwamba kazi yetu ilianza na maji. Reli ilipokuwa ikikatiza nyika ya Taru, treni ndiyo iliyobeba maji ya kunywa ya watu waliokuwa wakiijenga, maana njiani hapakuwa na kitu. Mwaka 1899 ilipofika mahali Wamasai walipopaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, wakubwa waliamua kuweka stesheni na karakana pale. Palikuwa tambarare, na palikuwa na maji kabla ya kuanza kupanda kwenda Bonde la Ufa. Mji mkuu wa nchi hii umekaa pale ulipo kwa sababu injini na watu wake walihitaji kunywa. Wazee waliofanya kazi na injini za moshi walijua jambo hili kuliko sisi wa dizeli: dreva alihesabu safari yake kwa matangi ya maji, si kwa maili.

Lakini injini ilitaka kuni pia, na hapo ndipo habari yetu inapoingia. Misitu ya kando ya njia ilikatwa ili kuilisha. Kuni zilipotakiwa kwa wingi, mwaka 1902 mkalitusi uliletwa Kenya kutoka ng'ambo, ule ambao sisi sote twauita bulugamu, upandwe kwa ajili ya kuni za reli. Ulichaguliwa kwa kuwa hukua upesi na ukikatwa huchipua tena. Baadaye injini ziliacha kuni zikashika mafuta, kisha zikaja za dizeli. Kuni za reli zikaisha, lakini mti haukuondoka. Ulitoka kwenye mashamba ya reli ukaenda kwenye mashamba ya watu, ukapanda milima, na leo uko hata Nyambene, mahali ambapo reli yenyewe haijafika. Upande wetu wa mlima reli iliishia Nanyuki. Basi Meru hatukupata treni, ila mti wake tulipata.

Hatusemi bulugamu ni mti mbaya kila mahali. Kwenye mgongo wa kilima, mbali na mto, hutoa nguzo, mbao na kuni, na viwanda vya chai vya milimani vyahitaji kuni kila siku. Watoto wengi wamesomeshwa kwa mti huo, na watoto wa wanachama wetu wamo. Neno letu ni juu ya bulugamu iliyopandwa kwenye kinamasi na kwenye ukingo wa kijito. Mti unaokua upesi namna ile hunywa upesi namna ile ile. Ukiuweka penye maji hauna haja ya kungoja mvua. Hunywa masika na hunywa kiangazi, na chini yake majani hayaoti vizuri, basi mvua kubwa ikija udongo uko wazi.

Baadhi yetu tulipokwenda likizo Kangeta tuliona jambo lililotutia huzuni. Lipo bonde dogo ambalo tulipokuwa watoto lilikuwa kinamasi. Tulikatazwa kuchezea mle kwa sababu ng'ombe alikuwa akizama hata tumboni. Palikuwa na mafunjo, pembeni mama zetu walipanda nduma, na kichwani pa bonde palikuwa na mkuyu mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Maji yalitoka chini ya mkuyu ule hata katika kiangazi kikali. Sasa mkuyu haupo. Pana safu za bulugamu zilizonyooka kama askari, ardhi ni kavu, mtu hupita na viatu vya ofisini bila kuchafuka. Akina mama wakiwa na mitungi walitupita wakielekea bonde jingine.

Tuliuliza shamba lile ni la nani. Ni la mwanachama wetu. Hatumtaji jina, naye atajijua, na tumekwisha zungumza naye kwa heshima. Alichimba mifereji ya kutoa maji, akapanda miche kwa mkopo alioupata kwa dhamana ya mshahara wa reli. Alituambia: kinamasi kile kilikuwa hakinipi kitu, na nina watoto watatu shuleni. Basi tufanyeje? Yule si mwizi. Alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, na mmoja wetu tunaoandika kurasa hizi alikwisha kufanya vivyo hivyo, safu mbili, kando ya kijito cha baba yake. Tusijifiche.

Kosa ni kule kudhani kwamba kinamasi hakitoi kitu. Tulipige mfano kwa kazi yetu. Tangi la maji la stesheni, ukilitazama, limesimama tu, halivuti behewa hata moja. Lakini litoboe uone kama treni itaondoka. Udongo wa Nyambene umetokana na volkano. Mvua inyeshapo juu msituni, maji hupenya chini, hutembea polepole ndani ya mlima, na hutokea huku chini kwenye chemchemi na vinamasi. Kinamasi huyapokea, huyachuja tope, na kuyaachia kidogo kidogo muda mrefu baada ya mvua kwisha. Ukichimba mfereji katikati yake, maji yote hukimbia kwa siku chache, halafu hakuna. Na ukikata msitu wa juu, mvua haipenyi tena, huteremka juu juu pamoja na udongo. Ndiyo sababu mahali pamoja huwa na mafuriko na ukame katika mwaka mmoja, na watu hushangaa.

Jambo la pili ni mipira ya miraa. Miraa ni damu ya Kangeta, hatuwezi kuisema vibaya tukakaa kwa amani. Wala miraa yenyewe si adui wa maji: miti ya mbaine, ile ya rika la zamani, ambayo majani yake ndiyo yenye bei na heshima kuliko yote, imesimama miaka mingi pamoja na miti mingine shambani. Lakini wakati wa kiangazi miraa huadimika, bei hupanda, na mwenye maji ndiye mwenye mavuno. Kwa hiyo kila anayeweza ananunua mpira, anaufunga kwenye kijito huko juu, na kunywesha mashamba usiku na mchana. Mwenye mpira ni nani? Mara nyingi ni mtu mwenye mshahara, na hapo tumo sisi. Yule wa chini asiye na mshahara huamka na kukuta mawe makavu. Kisha kwenye baraza twasikia ya kwamba watu wa chini ni wagomvi.

Na chini hakuishii sokoni Kangeta. Mito ya Nyambene, kama Murera, Rojewero na Ura, hushuka hata Mbuga ya Taifa ya Meru, iliyowekwa mwaka 1966, na kuingia mto Tana. Huingia chini ya mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kwa hiyo hatuwezi kusema maji yetu yanawasha taa za Nairobi. Yanakwenda kwa watu wenye shida kuliko Nairobi: Garissa, kisha Wapokomo na Waorma, hata delta karibu na Kipini. Kule, mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, wakulima na wafugaji waliuana kwa ajili ya ardhi, malisho na maji, na watu zaidi ya 100 walikufa. Hatusemi bulugamu ya Kangeta iliwaua. Twasema ya kwamba kila debe linalozuiliwa huku juu bila haki, kule chini kuna mtu analitazamia.

Sasa tumjibu ndugu yetu wa karakana. Tarehe 29 Aprili 2024, usiku wa kuamkia alfajiri, maji yalishuka Mai Mahiu yakabeba nyumba na watu waliolala. Waliokufa walizidi 40. Kwanza ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza ya kwamba halikuwa bwawa. Maji ya mvua yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia ya kupitishia maji chini ya reli ilizibwa na miti, mawe na udongo, mpaka tuta likashindwa kuyazuia. Kila mtu wa genge anayesoma haya anajua maana yake. Kalvati huzibwa na kile kinacholetwa kutoka juu. Ukilizibua leo na huko mlimani udongo uko wazi, mvua inayofuata utalizibua tena, na siku moja hutawahi. Unene wa tuta, upana wa kalvati, idadi ya watu katika genge, yote hayo hupimwa kwa maji tuliyoyazoea. Mlima ukiharibika, hesabu hiyo yote imekuwa ya uwongo. Hapo ndugu yetu atuambie: usalama wa mtu wa genge anayekagua njia usiku katika mvua si kazi ya chama? Na fedha zinazotumika kujenga upya tuta lililochukuliwa zatoka mfuko gani, kama si ule ule tunaouomba nyongeza?

Sheria ipo. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo usiolimwa wa mita 6 kwa uchache, na hata mita 30 kwa mto mpana, kila upande. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru bulugamu zilizo karibu na mito na chemchemi ziondolewe. Watu waling'aka, wengine walitii, wengi walingoja waziri abadilike. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2002 wanakijiji wanaweza kuunda chama cha watumiaji wa maji cha mto wao, wakapatana zamu za kunywesha kabla ya kupigana. Hicho nacho ni chama, chenye mwenyekiti, karani na michango, na sisi watu wa chama tunajua namna ya kukiendesha kuliko jirani zetu wengi. Lakini tukienda likizo twakaa hotelini twala nyama.

Tunalopendekeza si kukata kila kitu kesho. Mwenye bulugamu kinamasini avune zikomaapo, fedha ziwe zake, asome watoto wake. Ila asipande tena pale. Na ajue ya kwamba kisiki cha bulugamu hakifi kwa kukatwa. Lazima king'olewe, au machipukizi yavunjwe mara kwa mara mpaka kichoke, na kazi hiyo yataka miaka, si likizo moja. Mifereji izibwe. Mahali pake yarudi mafunjo, mkuyu na mianzi, na pembeni nduma, ambazo sokoni hazikosi mnunuzi. Bulugamu mpya iende juu kwenye mgongo mkavu wa shamba. Wazee wa Njuri Ncheke waombwe waseme neno juu ya miti ya chemchemi, maana neno lao Meru lina uzito ambao barua ya ofisi haina.

Kwa upande wa chama, tunataka mambo mawili yaletwe mbele ya mkutano wa tawi wa mwezi ujao. La kwanza, wakopeshaji wanaokata mikopo kwenye mishahara yetu waombwe wasitoe mkopo wa pampu wala mipira ya kuvuta maji mtoni mpaka mwanachama aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. La pili, wanachama wote wa Igembe na Tigania waandikishwe, kila mmoja aseme kwa ukweli kama ana bulugamu au mpira kwenye ukingo wa mto, na kama yuko katika chama cha watumiaji wa maji cha kwao. Yule mwenzetu wa bonde lile la Kangeta amekubali kuja na kusema mwenyewe. Yule wa safu mbili, aliye kati yetu, ataandikwa wa kwanza, na panga lake tayari limenolewa.

Karani wa tawi atapokea majina kuanzia Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana. Ndugu wa karakana naye amealikwa, na tumempa nafasi ya kusema dhidi yetu.