Baridi ya Uluguru: jiko la mkaa libaki uani

Anayepanda gari Morogoro mjini na shati jepesi mwezi Juni, akifika Nyandira huanza kutafuta sweta. Mji uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya Mgeta viko juu ya mita 1,000, vingine vimepita 1,500, na kila mita 1,000 za kupanda mlima hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Ongeza ukungu wa jioni na nepi zinazoshinda kwenye kamba siku mbili bila kukauka, utaelewa kwa nini nyumba ya huko inahitaji kuandaliwa kabla ya kipupwe, ambacho hudumu hadi Agosti.

Maandalizi mengi hayana ubaya. Lipo moja linaloua, nalo hufanywa kwa upendo kabisa: jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku ili mtoto asipate baridi.

Hali yenyewe inajulikana. Mama amejifungua, yuko ndani na kichanga chake, mama mkwe amekuja kumuuguza. Chakula kimeiva, mkaa bado una moto, na kuuacha uishie uani ni hasara. Jiko linabebwa, linawekwa karibu na kitanda. Mlango unafungwa, khanga kuukuu inasokotwa na kuwekwa chini yake kuzuia upepo. Joto halitoki. Hewa chafu nayo haitoki.

Hewa hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Wengi hudhani hatari iko kwenye moshi, hivyo husubiri mkaa ukolee na kuwa mwekundu ndipo waingize jiko. Mkaa uliokolea bado unaitoa. Wengine huweka beseni la maji pembeni, maji hayainyonyi. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, viungo vinalegea. Aliyelala huenda asizisikie dalili hizo kabisa. Kichanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huathirika mapema, na kwa mjamzito sumu hiyo humfikia mtoto tumboni.

Watu wa chumba kimoja wakiamka wote wanaumwa kichwa, kisha wakapata nafuu baada ya kukaa nje, wasikimbilie kusema ni malaria. Wajiulize jiko lililala wapi. Ukimkuta mtu amezimia, mtoe nje kwanza pamoja na wengine wote, fungua milango na madirisha, na usipoteze muda kuhangaika na jiko. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, na mwambie mhudumu kwamba jiko lilikuwa ndani. Namba ya Zimamoto ni 114.

Ugumu uko kwingine: nani amwambie mama mkwe? Mzazi akisema yeye ataonekana ana kiburi cha shule. Kazi hii ni ya baba wa mtoto, na aifanye mchana, mapema, siyo usiku jiko likiwa tayari mlangoni. "Shikamoo mama. Naomba safari hii jiko tuliache uani, kliniki wamesema mtoto apate joto la mama yake." Bibi huenda akajibu: "Mbona wewe tulikulea na jiko na hukufa?" Ni swali la haki, na jibu lake lipo kwenye nyumba. Nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa nyasi ilikuwa inapitisha hewa yenyewe kwenye paa na kuta, ingawa moshi wake nao haukuwaacha salama vifua vya watoto. Ya leo ina tofali za kuchoma, plasta na madirisha ya vioo. Jiko ni lilelile, nyumba imebadilika.

Basi mtoto apate joto kwa njia gani? Kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi mgongoni mwa wote wawili lakini lisifunike uso wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kuoga kwa mara ya kwanza kusubiri saa 24 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo aogeshwe mchana na akaushwe haraka, kichwa kwanza.

Upande wa nyumba, pesa ikiwepo ianzie juu: bati lisilo na dari hupoteza joto usiku kucha. Isipokuwepo, kandika nyufa za ukuta usawa wa kitanda, inua godoro kutoka sakafuni, au litandikie mkeka na magunia makavu. Anika mablanketi kila jua linapotoka. Fungua madirisha mchana, yafunge kabla jua halijazama. Matundu ya hewa ya juu ya ukuta yasizibwe.

Baridi peke yake haileti nimonia. Vijidudu ndivyo huileta, na chumba kilichojaa watu na moshi huvirahisishia kazi. Mtoto akikohoa, subiri atulie, inua nguo na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, apelekwe kituo cha afya. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au kichanga amekataa kunyonya na mwili wake umepoa, safari ni usiku huohuo.