Jezi za kampeni hazitoshi, tudai ligi ya mtaa inayodumu

Jaribu kukumbuka ulikuwa wapi Jumapili ya Agosti 10, 2025, Ryan Ogam alipotikisa wavu wa Morocco pale Kasarani. Labda ulikuwa uwanjani. Labda ulikuwa umebanana na watu usiowajua kwenye kibanda cha mtaani, nyote macho kwa runinga moja. Harambee Stars walimaliza mechi wakiwa wachezaji 10 na bado wakashinda 1-0. Kipenga cha mwisho kilipopulizwa ulimkumbatia aliyekuwa karibu nawe, na hukumuuliza kwanza jina lake la pili.

Sasa kumbuka wiki zilizotangulia. Juni 25 na Saba Saba, barabara zetu zilijaa moshi wa vitoa machozi na kuna familia zilizozika watoto wao. Mwezi mmoja baadaye, nchi hiyo hiyo ilikuwa inaimba wimbo mmoja. Tukaambiana kwamba michezo ndiyo dawa yetu. Kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti kwenye robo fainali ya CHAN, na kila mtu akarudi kwake.

Umoja ule ulienda wapi?

Usidhani ulikuwa ndoto. Mwaka 2020, wachumi watatu, Emilio Depetris-Chauvin, Ruben Durante na Filipe Campante, walichapisha utafiti kuhusu soka ya Afrika. Walilinganisha watu waliohojiwa siku chache kabla ya timu yao ya taifa kushinda na waliohojiwa siku chache baada ya ushindi. Waliohojiwa baada ya ushindi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 37 wa kusema kwamba kabila lao lina uzito kuliko taifa lao. Kwa hivyo ile hisia uliyokuwa nayo Agosti ni ya kweli, na wasomi wameipima.

Shida ni kwamba hisia huja na huondoka. Ukitaka ibaki, lazima kuwe na kitu cha kuishikilia. Na hapo ndipo wengi wetu tunapigwa chenga.

Nikupeleke Iraq kidogo, kwa sababu kuna utafiti uliofanywa huko ambao kila mtu anayepanga mashindano ya mtaani angefaa kuusoma. Kundi la ISIS lilipofurusha Wakristo kutoka makwao kaskazini mwa nchi hiyo, chuki kati yao na majirani Waislamu ilizidi. Mtafiti Salma Mousa akaanzisha ligi ya soka kwa Wakristo hao. Kwa kura, timu nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu, nyingine zikaongezewa Wakristo wenzao. Msimu ukachezwa mpaka mwisho.

Matokeo yake yalitoka katika jarida la Science mwaka 2020. Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa wepesi kuliko wenzao kumpigia kura mchezaji Mwislamu wa timu nyingine apewe tuzo ya nidhamu. Walikuwa tayari kujisajili tena katika timu mseto, na miezi kadhaa baadaye walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu. Poa sana. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua, mambo hayakubadilika sana. Kwenda kula katika mkahawa ulioko mji wa Waislamu wengi, kwa mfano, bado kulikuwa mlima.

Yaani mpira uliwafanya wapende wachezaji wenzao. Haukuwafanya wapende kila mtu. Na hata hayo machache hayakuletwa na mechi moja ya Jumapili. Yaliletwa na msimu mzima wa kupasiana mpira na kungojana mazoezini.

Profesa Fred Coalter, aliyefunza katika vyuo vikuu vya Stirling na Leeds Metropolitan nchini Uingereza, alitumia miaka mingi kuchunguza miradi ya michezo kwa vijana, ikiwemo ya hapa kwetu. Ujumbe wake haukuwafurahisha wafadhili wote. Alisema michezo pekee haitoshi. Kucheza tu hakumfanyi mtu awe mwema, mwenye afya au raia bora. Kinachobadilisha maisha ni vile mradi unavyoendeshwa: kuna kocha wa kuaminika? Kijana anapewa majukumu? Anarudi kesho na kesho kutwa? Pia aliwakosoa wanaodhani kila kijana wa mtaa maskini ana kasoro inayohitaji kurekebishwa. Wengi wetu hatuhitaji kurekebishwa. Tunahitaji uga, muda na watu wasiotutoroka.

Kama unadhani haya ni mambo ya vitabu, nenda Mathare. Mwaka 1987, Bob Munro, raia wa Canada, alianzisha na vijana wa huko chama cha MYSA. Kanuni yao ilikuwa rahisi na ya ajabu: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na pia kwa kusafisha mtaa. Ungeweza kufunga mabao yote na bado ukapitwa na timu iliyozibua mitaro. Mwaka 1992 wasichana wakaingia ligini. Vijana waliojitolea kufunza wadogo zao na kusimamia mechi walipata pointi za kuwania msaada wa karo. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2008, mwaka ule ule ulioanza na mitaa hiyo ikiwaka moto baada ya uchaguzi.

Sisemi kombe lile lilizima moto. Ninachosema ni kwamba moto ulipozima, ligi ilikuwa bado ipo. Kulikuwa na ratiba, refa, na watoto wa pande zote waliojuana kwa majina. Hicho ndicho kitu cha kushikilia.

Sasa linganisha na tunachozoea. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Unajua kabisa mashindano ya mheshimiwa yanavyokwenda. Jezi zina uso wake mgongoni. Mipira inagawanywa kamera zikiwashwa. Siku ya fainali anafika na msafara saa kumi jioni, anapiga penalti ya ufunguzi na kipa anajirusha upande mwingine makusudi, watu wanashangilia. Bingwa anapewa hundi ya kadibodi kubwa kuliko goli. Jumatatu uga ni vumbi tena, nyavu zimeenda na gari lililozileta, na timu iliyoundwa wiki mbili zilizopita imeshavunjika.

Hapo hakuna msimu wala kocha, na hakuna kesho. Ukipima kwa vipimo vya Mousa na Coalter, hiyo si michezo ya kujenga jamii. Ni tangazo, na wewe ndiwe ubao wa kulibandika.

Utaniambia, "Lakini angalau tulipata jezi." Sawa, ivae. Jezi si dhambi, na mtaa ambao haujawahi kupewa chochote hauwezi kulaumiwa kwa kupokea. Ila usikubali iwe bei ya kunyamaza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Mheshimiwa anapokununulia mpira mmoja baada ya uga wenu kugeuzwa maegesho, anakupa kidogo sana cha kile ambacho tayari kilikuwa chako.

Na uga si anasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Dakika hizo mtoto wa Pipeline atazipatia wapi, kwenye ngazi za ghorofa? Ukosefu wa uga una gharama nyingine tunayoijua vizuri. Barobaro asiye na pa kuucheza mpira anaufuata kwenye simu, na jioni nzima inaisha akihesabu odds na kulia mkeka umechanika. Anajua kikosi cha timu ya Uingereza mpaka kipa wa tatu, lakini hajui timu ya mtaa wake inacheza lini, au kama bado ipo.

Kwa hivyo tufanye nini? Nina mambo matatu.

Kwanza, kaunti yenu ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda na timu nzima. Msiombe mashindano. Ombeni uga wenye hatimiliki ya umma, taa, na pesa za kulipia marefa mwaka mzima. Mkiulizwa kwa nini, waambieni watafiti wameshaonyesha kwamba linalosaidia ni lile linalodumu.

Pili, kama mna ligi, iga Mathare. Wekeni pointi za kusafisha mtaa. Changanyeni timu msizigawe kwa ploti au kwa lugha ya nyumbani. Hakikisheni wasichana wana siku na uga wao, wasingoje mpaka wavulana wachoke.

Tatu, wewe uliye chuoni na unayehangaika kutafuta mada ya utafiti: watafiti wa ng'ambo wameshapima miguu, mapafu na damu ya wakimbiaji wetu. Hapa nyumbani, Profesa Vincent Onywera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walishatoa ripoti za kupima watoto wa Kenya wanavyocheza na kufanya mazoezi, zenye alama kama za shuleni. Endelea pale. Chukua ligi moja ya mtaa wako, uifuate msimu mzima. Nani alibaki shuleni? Nani aliacha kubet? Nani sasa anamsalimia jirani ambaye mwaka jana hakumtazama? Daftari, kalamu na uvumilivu vinatosha kuanza. Siku diwani atakapowaambia michezo ni mchezo tu, mtakuwa na cha kumjibu.

Kati ya sasa na Agosti 2027, mtu atakuja kwenu na jezi. Mkaribisheni. Zihesabuni zote mbele yake, mpeni maji ya kunywa, kisha mumuulize swali moja tu: "Mheshimiwa, Septemba tutacheza wapi?"